Listi ya insolvabo

Ukiacha bonjuru na mersi, neno ya kwanza ya Kifaransa nilishika vizuri ni insolvabo. Nilikuwa darasa ya pili kwa shule moja ya huku Kadutu, Bukavu, nikawaza ni jina ya ugonjwa, juu asubuhi ileile walitoa watoto wawili wenye mapele kichwani waende kunyolewa, halafu wakatutoa na siye wengine kumi na kitu wenye insolvabo, wote tukapita mlango mmoja. Nikafika nyumbani nikamwambia mama mimi niko na insolvabo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyamaza, akafungua ncha ya kikwembe yake pale anafungaga franga, akahesabu, akafunga tena.

Kwa nyie wa Dar ao Mombasa mtakaosoma hii, niwaeleze kidogo, juu huku kwetu Kongo hata mtoto anajua. Mwanzo ya miaka ya 1990, Mobutu akiwa bado kwa kiti, serikali ilishindwa kulipa walimu, migomo ikafuatana. Makanisa na wazazi wakapatana wazazi watie kitu kidogo mkononi mwa mwalimu ili watoto wasipoteze mwaka, ni ya muda tu, wakaiita prime, na mtoto mwenye hajalipiwa ndiye insolvabo. Mimi nimezaliwa 1993 kwa hiyo niko rika moja na prime, tulikua pamoja, yeye akakua haraka kunipita. Katiba ya 2006 ikasema kwa kifungu cha 43 shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure, siye tukaendelea kulipa miaka mingine kumi na mitatu, nitarudi hapo.

Siku ya listi tuliijua kabla haijafika mlangoni. Mwenye kukusanya franga, tulimwita kontabo, alikuwa na viatu vya kufunga vyenye vyuma chini, na koridori ilikuwa ya sima, yaani saruji, kwa hiyo unasikia viatu kwanza. Mwalimu anaacha kuandika kwa tablo, anasimama pembeni. Kontabo anafungua rejista yenye alifunikia na plastiki ya bluu, anatoa biki nyekundu nyuma ya sikio, anasoma. Na hasomi prenomu tu, lile jina la kuitwa kila siku, anasoma yote matatu, jina, postino na prenomu, kama vile kwa tribinali. Unasimama, unavuta sakoshi, begi yako, benchi inalia kwenye sima, na wale walio anordre, yaani waliolipa, wengine wanainamia kaye zao, daftari, sana sana, wengine wanakuangalia, sijui ipi ilikuwa mbaya kupita ingine. Hakuna mtu alinipiga siku hizo, hata kunitukana hapana. Lakini nimepita miaka thelathini sasa na nikisikia viatu vya namna ile kwa koridori tumbo bado linakaza.

Nyumbani sikuendaga. Mama alikuwa anauza sambaza, anashuka kwa ziwa usiku kungali giza kungoja wavuvi, na saa ya listi yuko sokoni, mlango umefungwa. (Sambaza wenyewe si wa Kivu, Wabelgiji waliwatoa Tanganyika wakawatia huku mwaka 1959, kwa hiyo mimi nimesomeshwa na samaki wageni.) Papa alikuwa Kamituga kutafuta dhahabu, anatumaga kitu akipata, na wakati mwingi hapati. Basi unazunguka. Kadutu ni mlima na ngazi na matope, mtoto mwenye uniforme saa tatu ya asubuhi kila mtu anamwona na kila mtu anajua, hakuna haja ya kuuliza. Wamama wanaangaliana. Mmoja anasema “masikini,” na hiyo masikini ilikuwa inaniuma kuliko kontabo.

Benchi moja nami kulikuwa kijana mmoja, sitamtaja, mwenye akili ya hesabu ajabu. Mwalimu anaandika kujumlisha kwa tablo, yeye ameshamaliza, anaangalia dirisha. Kwao ilikuwa ngumu kupita kwetu. Mara ya kwanza walimfukuza akaenda sokoni akabeba mfuko wa makala, yaani makaa, wa mama mmoja, akapewa franga, akanunua mkate, akanikatia nusu. Mara ya pili alikaa wiki. Mara ya tatu ilikuwa karibu mwezi, mama yake akatafuta huku na huku akalipa yote, kijana akarudi na buti mpya za plastiki, amefurahi kweli. Mwalimu akamwangalia akauliza darasa, “Huyu ni mgeni wetu?” Watu wakacheka. Nami nilicheka, nisiseme uongo. Alisoma mpaka saa ya rekreasyo, mapumziko, akatoka nje na wengine, hakurudi tena. Sasa ana moto tatu, pikipiki za kubeba watu, zinazunguka mjini na ana franga kunishinda mara nyingi, siku moja alinipakia kutoka Nyawera akakataa nisimlipe, nikamuuliza juu ya siku ile. Akasema, “Yaya, dada yangu, si siku ya kufukuzwa niliacha masomo. Ile nilizoea. Niliacha siku ya kurudia.” Halafu akanionyesha picha za watoto wake kwa simu, wote wako na uniforme.

Nimefikiria ile maneno yake zaidi kuliko kitu chochote walinifundisha baadaye.

Juu kwangu siku ya kurudia ilikuwa ingine, na haikuwa kwa sababu nilikuwa na akili ao nguvu. Ilikuwa juu ya mama mmoja wa mandazi. Alikuwa na meza yake kwa njia, chini ya bati, sufuria ya mafuta na kibakuli cha unga. Siku moja nikapita saa tatu na nusu, akaniita, “We mtoto wa mama wa sambaza, kuja hapa.” Nikawaza ataniuliza. Hakuuliza. Akanipa kiti kidogo nyuma yake pale njia haionekani, akasema, “Kaa, soma. Ukikosa cha kusoma, nihesabie mandazi.” Saa sita wanafunzi wanatoka, wanakuja kununua kwake, na yeye alikuwa na sheria yake: anayesoma darasa yangu akitaka nyongeza ya ndazi ndogo, aniachie kaye nikopi masomo ya leo. Watoto wakaanza kushindania kuniletea kaye. Kwa hiyo nikirudi shule baada ya siku nne tano ninajua wamefika wapi, mwalimu akiuliza ninanyosha kidole, hakuna wa kuniita mgeni. Sijui ndazi ngapi zilienda hivyo, na hakumwambia mama yangu hata siku moja kwamba ninashinda pale, mama alikuja kujua kwa mazishi yake mwaka 2018.

Nikuambie na kitu ingine ya aibu kidogo. Mwezi wa tano na wa sita 2004, wakati wa vita ya Mutebutsi na Nkunda, makamanda walioasi, hapa mjini, shule zilifungwa, risasi zinapita, tulilala chini ya kitanda. Niliogopa kama wote. Lakini nakumbuka vizuri nikiwa pale chini niliwaza: leo hakuna hata mmoja yuko darasani, hata wa anordre. Na moyo ukatulia. Mtoto wa miaka kumi na moja kufikia kupumzika juu ya vita, mtu mkubwa ajiulize alimfanyia nini.

Sekondari nilipita vilevile, kwa kuruka ruka. Kaka yangu analipiwa wa kwanza, mimi nangoja, na sikuona ubaya wake, niliona ni kama mvua, inanyesha tu. Kuchagua seksyo, yaani mchepuo wa masomo, ndio nililia. Nilitaka bio-kimia. Papa mdogo akaja Jumapili na soda ya chupa kubwa, akakaa, akasema kwa upole kabisa, “Msichana pedagojia ni nzuri. Atafundisha watoto huku anangoja bwana.” Mama akaniangalia. Nikasema ndiyo papa. Hakuna aliyenilazimisha, ndio ninachotaka mwelewe, hawahitaji kukulazimisha, kila mtu kwenye ile chumba alikuwa anakupenda na wote wanaangalia mlango mmoja tu, utapita wapi pengine?

Egzeta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, nilifanya 2011. Matokeo tulipata kwa simu ya jirani, nikaona asilimia 61, nikaanguka kwa mikono ya watu. Huku kwetu ukipata diploma wanakumwagia pudre nyeupe mwili mzima, unatembea mjini kama mzimu, wanapiga firimbi, unaimba. Siye hatukuwa na pudre nyumbani. Mama wa mandazi akakuja na kibakuli chake cha unga akakimwaga chote kichwani kwangu, akasema biashara ya leo imeisha. Mvua ikatukuta njiani. Unga wa ngano na mvua, mnajua inakuwaje, nilikuwa chapati inayotembea, nilichana nywele siku mbili.

Nikasoma ISP, chuo cha walimu, miaka mitatu, historia, nikakaa miaka miwili bila kazi, 2016 nikapata masaa ya kufundisha kwa shule moja ya sekondari, si ile yangu. Mwalimu mpya kwetu anaingia kama NP, yaani non paye, serikali haijamjua, jina lake halijafika Kinshasa, na linaweza kusafiri miaka. Kwa hiyo anakula prime tu. Nilijua hiyo kwa kichwa. Kwa mwili nilikuja kuielewa mwezi wa kumi na moja, prefe, mkuu wa shule, aliponiita akanipa karatasi. Pale hapakuwa na kontabo wa kuzunguka, kila titulere, mwalimu mwenye darasa, anasoma listi ya darasa yake.

Darasa ya nne, wanafunzi hamsini na mbili. Nilivaa sandale siku ile, kwa makusudi. Nikasimama na karatasi, na kabla sijafungua mdomo msichana mmoja wa benchi ya tatu akaanza kupanga sakoshi. Pole pole. Kaye, biki, rula, akafunga zipu. Hata sikuwa nimesoma jina. Jina lake halikuwa hata la kwanza, lilikuwa la saba, na nilipofika kwa la saba alikuwa ameshasimama mlangoni anangoja nilisome ili atoke vizuri, kwa adabu. Nikasoma majina kumi na moja. Prenomu tu. Nilijiambia hiyo ni tofauti.

Mwisho wa mwezi wakanipa bahasha. Noti za mia tano za Kongo nyingi, laini laini, nikazifungua kwa meza ya nyumbani nikazinusa. Zilikuwa zinanuka samaki. Nilikaa nazo pale mpaka mshumaa ukaisha.

Niliandika mu kaye yangu ni nani alirudi lini, tabia ya mtu wa historia. Wiki ya kwanza walirudi watano, mmoja wao kwa kuruka ukuta. Mwisho wa mwezi wakawa tisa. Wawili sikuwaona tena, wote wasichana, na yule wa zipu ni mmoja wao. Nilimwona mwaka uliofuata karibu na soko ana mtoto mgongoni, akavuka barabara asikutane nami. Sikumwita. Nilipaswa kumwita.

Nikapelekea prefe kaye yangu. Huyu baba hakuwa mtu mbaya, na yeye alikuwa na watoto watano na deni, na kila mwezi wakubwa wa juu wanamwomba ripoti na franga za ofisi. Akasoma, akavua miwani, akasema, “Madamu, mzazi wa Bukavu bila haya halipi. Ukimwandikia barua anawashia nayo moto ya makala.” Nikamwambia, papa prefe, haya inashika mtoto, mzazi hayuko darasani. Akasema haya ya mtoto ndiyo inafika kwa mzazi. Na kweli ilikuwa inafika, wale wanne wa wiki ya kwanza wasioruka ukuta walilipa, siwezi kusema uongo, njia yake ilikuwa inaleta franga na mimi nilikuwa ninazila. Hapo ndipo watu wa semina wanaponichosha, wanakuja na kofia na chupa za maji wanasema tusifukuze watoto, ndiyo, asante, na NP atakula kofia?

Kitu kilichosogeza mambo kilitoka kwa mama mmoja wa komite ya wazazi, muuza nyanya, hakusoma zaidi ya darasa ya tatu. Alisema kwa mkutano, “Siye soko zima tuko kwa likelemba. Kila mtu anatia kidogo kila siku, zamu yako ikifika unabeba yote. Mbona shule inaomba franga kama mtu anayefukuzwa na polisi, yote leo?” Wakafanya likelemba ya wamama wa darasa ya nne, zamu yako ikifika franga inapita moja kwa moja kwa shule, halafu kinachobaki unakwenda nacho. Prefe akakubali trimestre moja, yaani muhula, tujaribu: hakuna listi kusomwa, mwenye deni anaitwa yeye peke yake saa ya rekreasyo, na akitoka anakopi masomo kwa ruhusa, mwenzake anampelekea kaye, hiyo ya kaye niliisukuma mimi na mnajua niliitoa wapi. Wamama tisa waliingia. Walilipa. Wale ambao hawana biashara ya kila siku, wabeba mizigo, mjane mmoja anayefua nguo za watu, hawakuweza kuingia likelemba, na watoto wao waliendelea kutoka, lakini walitoka kimya, na walirudi. Mwaka ule sikupoteza msichana hata mmoja kwa ajili ya franga. Nilipoteza mmoja kwa sababu choo ya shule haina mlango na alichoka kukaa nyumbani siku nne kila mwezi, halafu mwalimu mwenzangu anamwita mvivu mbele ya vijana. Hiyo ni hadithi ingine, inataka siku yake.

Septemba 2019 ikaja bure ya shule ya msingi, tulishangilia, nami nilishangilia ingawa sekondari haikuwemo. Darasa la mpwa wangu likapita watoto mia, watatu wanne kwa benchi, wengine chini. Bure ilifika, benchi hazikufika. Lakini nilimwona mama yangu, mzee sasa, amesimama kwa njia anaangalia wale watoto wanapanda ngazi wote pamoja, uniforme zimepasuka, wengine bila viatu, hakuna anayeshuka saa tatu. Alisimama pale mpaka wakaisha.

Prefe wetu walimhamisha. Mpya akaja na listi yake, na likelemba ikafa Machi 2020 shule zilipofungwa juu ya Korona, soko halikuwa na watu.

Mimi niliolewa, papa mdogo alifurahi, bwana alipatikana. Binti yetu tulimtia kwa shule ya kulipa, minervali, yaani ada, kila mwezi, juu ya ile hali ya watoto mia kwa darasa moja, na ninajua mnachotaka kusema. Mwaka 2025, mwezi wa pili, mji ulibadilisha wenyewe, waasi wa M23 wakauchukua, benki zikafunga, kupata hata franga yako mwenyewe ikawa safari. Minervali ikachelewa mwezi mmoja, ikawa miwili.

Wazazi wa ile shule tuko kwa grupu moja ya WhatsApp. Jioni moja nilikuwa napika sombe, simu ikalia kwa meza, binti yangu akaishika kuniletea. Alikuwa na miaka saba, ameanza kusoma kweli, anasoma kila kitu, maandiko ya sabuni, ya ukuta, ya moto. Akasimama katikati ya nyumba, macho yamefunguka, akapiga kelele, “Mama! Jina yangu iko mu telefone!” Akalisoma kwa sauti kubwa, yote matatu, silabi kwa silabi, kidole kwenye kioo, bila kukosea hata moja. Nilikuwa na mwiko mkononi. Akaniomba aende kwa jirani kulionyesha.